Tupewe Redio Zilizokufa

Mwaka hata mwaka kurasa hizi hujaa maoni juu ya nidhamu, mazingira na ufisadi, na si vibaya. Leo mimi naomba nafasi niseme juu ya kitu kidogo kuliko punje ya hindi, yaani transista. Nasema bila kupepesa macho kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anafaa aruhusiwe kuunda swichi ya kielektroniki kwa mikono yake mwenyewe. Vifaa vingi vya kuundia tayari tunavyo nyumbani. Vimo ndani ya redio zilizokufa, zile zinazokaa juu ya kabati zikikusanya vumbi na mayai ya mende.

Swichi ya ukutani sote twaijua. Unabonyeza, taa inawaka, na lazima kidole kiwepo. Swichi ya kielektroniki haingoji kidole. Inawashwa na giza, na joto, na maji yaliyojaa tangi, au na mkondo mwingine mdogo wa umeme. Kazi hiyo hufanywa na transista, iliyovumbuliwa Marekani Desemba 1947 katika maabara ya Bell, na waliohusika, Bardeen, Brattain na Shockley, wakatuzwa Nobel ya fizikia mwaka wa 1956. Simu ya mkononi ina mabilioni ya transista, na nyingi kazi yao ni kuwaka na kuzima tu.

Tusiogope majina. Transista ndogo kama BC547 ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Hebu fikiria bawabu wa lango la shule. Mwalimu mkuu humnong'oneza neno moja, lango likafunguka, basi zima likapita. Nguvu ya kulisukuma basi haikutoka kwenye mnong'ono. Ilitoka kwenye injini. Besi ndiyo sikio la bawabu. Umeme kidogo sana ukiingia pale, umeme mwingi, mara mia moja au zaidi, unaruhusiwa kupita kutoka kolekta hadi emita. Lakini bawabu huyu hasikii mnong'ono hafifu mno: volti kwenye besi lazima ifike kama 0.6 au 0.7 hivi, la sivyo lango halifunguki.

Sasa uone jinsi swichi ya giza ilivyo rahisi. Unahitaji betri ya volti 9, LED moja nyekundu, resista ya omu 330, nyingine ya omu 47,000, transista hiyo ya BC547, na resista inayohisi mwanga, ile inayoitwa LDR. LED na resista ya 330 hufuatana kutoka chanya ya betri hadi kolekta. Emita huenda hasi. Resista kubwa hutoka chanya hadi besi, na LDR hutoka besi hadi hasi. Basi, imekwisha! Mchana LDR huwa na ukinzani mdogo, kwa hiyo umeme unaotoka kwenye resista kubwa unateremka kupitia kwayo na besi inabaki na njaa. Giza likiingia, ukinzani wa LDR unapanda hadi mamia ya maelfu ya omu. Njia ya mkato imezibwa, volti ya besi inapanda, lango linafunguka, na LED inawaka. Funika LDR kwa kiganja, inawaka. Ondoa kiganja, inazima. Mimi nimeirudia mara zisizo na idadi na bado sijachoka nayo.

Mtu atauliza, itatufaa nini? Tangu mradi wa Last Mile wa kusambaza stima vijijini uzinduliwe mwaka wa 2015, taa za nje zimeongezeka huku kwetu. Pita barabarani saa nne asubuhi, kutoka Nyamira hadi Kebirigo, uzihesabu zile ambazo bado zinawaka juani. Kwetu tu karibu na ikweta, jua linachomoza na kutua mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, hivyo mchana ni saa kumi na mbili. Balbu ya wati 60 iliyosahauliwa mchana kutwa inakula yuniti 0.72. Kwa siku 30 ni yuniti 21.6 za tokeni, zimetupwa bure. Na hapo sijasema neno juu ya vifaranga wanaohitaji joto usiku wa baridi ya Nyansiongo, wala pampu inayomwaga maji kwa sababu mwenye pampu ameenda kuchuma chai.

Ili transista iwashe balbu ya stima, inasaidiwa na rilei, swichi inayovutwa na koili ya sumaku. Transista inashughulika na koili ya volti chache, na volti 240 zinakaa upande wa pili, hazikutani. Hapa naomba nimsifu fundi mmoja wa redio pale Keroka, mji ambao upande mmoja ni Kisii na wa pili ni Nyamira. Niliona ameweka dayodi ndogo kinyume, sambamba na koili ya rilei, nikamwuliza, "Fundi, mbona hiyo imeangalia nyuma?" Akacheka. "Kijana, rilei ni punda. Ukimsimamisha ghafla anapiga teke. Hii dayodi ndiyo inayolipokea hilo teke, isiue transista."

Nilikuja kusoma maelezo ya kitabu: mkondo wa koili ukikatwa ghafla, koili huzusha volti kubwa za kurudi nyuma. Ni sawa kabisa na teke la punda, ila la fundi halinitoki akilini. Na alilisema kwa Kiswahili! Wale wanaodai ati Kiswahili hakiwezi sayansi wakakae kwenye kibanda chake nusu saa.

Shuleni mambo yakoje? Saketi za betri na balbu tulizifanya kidato cha kwanza, kisha elektroniki inangoja hadi kidato cha nne, tena mada ya mwisho kabisa ya fizikia. Wakati huo watu wanawazia mtihani, na mada inasomwa mbio mbio kwa chaki. Mtu anachora alama ya dayodi vizuri sana na hajapata kuishika mkononi. Nisieleweke vibaya, walimu wetu wanajitahidi. Silabasi ndiyo ndefu.

Wapo wanaopinga. Wa kwanza wanasema stima itatuua. Ni kweli stima ya ukutani inaua, ndiyo sababu nimesema betri ya volti 9. Hiyo hata ukiigusa kwa mikono mikavu husikii kitu. Upande wa volti 240 tuuachie fundi mwenye leseni. Wengine, na hawa ni wazazi hasa, wanasema kufungua redio ni kazi ya walioanguka mtihani. Wazazi wetu wapendwa, Kisii National Polytechnic wanafundisha uhandisi wa umeme, na vyuo vikuu vinatoa digrii yake. Huyo mhandisi mnayemwota naye alianza na swichi.

Tena tazameni jirani aliyechukua sola ya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Siku zikipita bila malipo, mtambo unajifunga, taa hakuna. Hakuna aliyekuja kukata waya. Amri imefika kwa mtandao wa simu na transista imetii. Simwambii mtu aivunje. Deni ni deni. Lakini mimi sipendi kuishi katika nyumba ambayo swichi yake sielewi inavyofanya kazi.

Ninaloomba si kubwa. Sanduku moja la mbao liwekwe maabarani. Kila anayeweza alete redio ya betri iliyokufa. Televisheni za kioo kinene zisiletwe kamwe, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme mkali hata zikiwa zimechomolewa. Redio ndogo za siku hizi nyingi zina chipu moja iliyomwagiwa gundi nyeusi, hizo zitatupa spika na waya tu. Zile kuukuu ndizo zenye transista zinazong'oka. LDR hatutaipata humo, tutaichanga tununue. Tupewe pasi mbili za kulehemu, mita moja, na mwalimu mmoja wa kutusimamia Ijumaa baada ya masomo, kabla mvua ya jioni haijatukuta sisi wa kutwa njiani. Mimi nitaleta redio mbili. Zote zilikuwa zinakula betri nne nne, na moja bado spika yake ni nzima.