Baiskeli ya Mbio: Kuinunua Nzima au Kujiundia?

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, vijana wa Arusha wameingiwa na shauku ya baiskeli za mbio ambayo sikupata kuiona hapo awali, na alfajiri ya Jumapili utawakuta katika barabara ya Moshi wameinama juu ya sukani zilizopindwa mfano wa pembe za kondoo, wakishindana na daladala za Tengeru. Miongoni mwao kuna mjadala usiokwisha: je, mwenye fedha kidogo na hamu kubwa anunue baiskeli nzima, au atafute fremu peke yake na kukusanya vipuri kimoja baada ya kimoja mpaka aiunde kwa mikono yake mwenyewe? Rai yangu, nami naitoa bila ya kuificha nyuma ya maneno mengi, ni kwamba anunue nzima, tena ya mtumba, lakini aichague kwa jicho la mtu ambaye siku moja atalazimika kuiunda upya.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wapenzi wa kujiundia wanapodanganyika. Kiwanda kinachotengeneza baiskeli hakinunui gia moja wala breki moja. Hununua kwa maelfu, kwa bei ambayo mimi na wewe hatutatajiwa abadani, na ndiyo maana baiskeli nzima aghalabu huuzwa kwa thamani iliyo chini sana ya jumla ya vipuri vyake vikinunuliwa mbalimbali. Mkazi wa Arusha anayeagiza fremu kutoka Taiwan, gia kutoka Japani na magurudumu kutoka Ujerumani hulipa nauli mara tatu, hungoja mara tatu, na kila kifurushi kikitua hukutana na ushuru wa forodha pamoja na VAT ya asilimia 18. Kisha kuna zana. Meno ya nyuma yana spana yake, mikono ya pedali ina kifungulio chake, na vikombe vya gololi za katikati vina ufunguo wake, ambavyo vyote hununuliwa kwa bei ya watu na kutumika mara moja kwa mwaka. Mtu akijaribu kuepuka gharama hizo kwa kununua vipuri hafifu, basi yatamfika yale ya rahisi kuvunja upishi, na upishi wenyewe utavunjika akiwa anateremka mlima.

Walakini neno hilo “nzima” nalo lisitughuri. Baiskeli iliyokamilika machoni mwa muuzaji wa Ulaya imekamilika kwa ajili ya barabara za huko, wala mhandisi aliyeichora hakupata kuifikiria njia ya Momela. Njia hiyo huiacha barabara kuu pale Usa River, ikapanda polepole kupita migomba na kahawa, na lami ikishakoma huanza changarawe na lile vumbi laini la majivu ya Mlima Meru ambalo hupenya katika kila tundu, likachanganyika na grisi na kusaga gololi usiku na mchana. Mbele yake ni uwanda uitwao Serengeti Ndogo, na kwa kuwa hapo umo ndani ya mipaka ya hifadhi, nyati ndio wenye njia na mtu wa baiskeli hana budi kuyafuata masharti ya askari. Kisha ni lango la Momela, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hatimaye Ngarenanyuki. Wageni waliifahamu Momela kwa filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962, ambamo John Wayne anawakimbiza vifaru kwa gari. Sisi tunaifahamu njia hiyo kwa nyanya zinazoteremshwa kutoka Ngarenanyuki, na kwa vumbi. Baiskeli isiyoweza kuipita njia hiyo, hata kama inameta namna gani, ni pambo la sebuleni.

Kwa hiyo kitu cha kutazamwa kwanza ni fremu, madhali vingine vyote hubadilika nayo haibadiliki. Baiskeli za mbio za zamani ziliundwa kwa matairi ya upana wa milimita 23 au 25, na baina ya tairi na uma mna nafasi ya kupitisha kucha tu. Kokoto moja ikijibana hapo gurudumu husimama, na mpandaji asisimame nalo. Anayetaka kuuzunguka Mlima Meru atafute fremu inayopokea tairi la milimita 32, na kama anayo nafasi ya 35 ashukuru. Kadhalika atazame mahali breki zinapofungwa, kwa sababu breki fupi za mbio huuzuia upana hata pale fremu yenyewe inapouruhusu. Fremu ya chuma huweza kuchomelewa na mchomeleaji mwangalifu wa Ngaramtoni au Kijenge. Ya alumini ni shida. Na ya kaboni, ikishapata ufa ambao huenda rangi imeuficha, haina tiba katika mitaa yetu, na kuinunua ya mtumba bila ya kumjua aliyeipanda ni kucheza kamari na meno yako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limewatia hasarani watu wengi kuliko yote, nalo ni namba 28. Mwaka jana nilikuwa nimekaa kwa fundi mmoja wa Usa River, mtu mzima ambaye karakana yake ni kivuli cha mti, pampu ya miguu na kopo la grisi, kijana mmoja alipofika akikokota baiskeli ya mbio nyeupe yenye tairi lililopasuka, na mkononi ameshika tairi jipya alilotoka kulinunua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hilo umenunua wewe, au umeuziwa?”

Kijana hakuielewa kejeli ile. Fundi akalivisha tairi bila ya kutumia chombo chochote, kwa vidole vitupu, na hapo tu ilikuwa dalili tosha. Akaanza kupiga pampu taratibu, na kabla halijajaa, ubavu mmoja ukapanda juu ya ukingo wa ringi na tyubu ikachungulia nje.

“Lakini mzee, si limeandikwa 28?”

“Limeandikwa, mwanangu. Na lako la zamani nalo ni 28. Hawa ni majirani, si ndugu.”

Habari yenyewe ni hii. Baiskeli za kazi tulizozizoea, Phoenix ya Uchina, Hero na Avon za India, na Raleigh ya Uingereza iliyozitangulia, hutumia ringi ambayo tairi lake hukaa juu ya duara la milimita 635; baiskeli ya mbio hutumia duara la milimita 622; na zote mbili sokoni huitwa namba 28. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini hakuna nguvu wala hila itakayoiziba. Mnunuzi aiache namba kubwa iliyoandikwa ubavuni na asome ile ndogo yenye kistari katikati: ikiwa ni 32-622 ni yako, ikiwa ni 40-635 irudishe dukani. Kwa bahati njema, baiskeli za milimani ziitwazo namba 29, ambazo siku hizi si adimu mjini, nazo hukaa juu ya milimita 622, hivyo tairi lake jembamba litakufaa siku ya dhiki, ikiwa fremu yako ina nafasi.

Vipimo vingine nitavipitia kwa haraka. Nafasi ya nyuma linapoingia gurudumu ilikuwa milimita 126 kwa baiskeli zenye maduara sita au saba ya meno nyuma, ikawa 130 kwa zilizofuata, na zenye breki za sahani zina 135 au 142. Gurudumu la kundi moja halikai vyema katika fremu ya kundi jingine. Kikombe cha kulia cha gololi za katikati, kwa utaratibu wa Kiingereza, hukazwa kinyume cha saa, na fremu nyingi nzuri zimeharibiwa na vijana wenye misuli ambao hawakuambiwa hivyo. Kuhusu gia, baiskeli nyingi za mtumba za miaka ya 1980 zina meno 42 katika duara dogo la mbele na 23 hivi katika lile kubwa la nyuma, maana yake kila mzunguko mmoja wa pedali hukupeleka karibu mita 3.8, jambo linalofaa tambarare za Uholanzi. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko huo huo hukupeleka mita 2.2 na kitu, nawe ukaupanda mlima ukiwa bado unaweza kumwamkia mtu njiani. Hayo mabadiliko ya gia ndiyo ya kwanza ninayoyapendekeza baada ya kununua, nayo hayahitaji kuunda baiskeli upya.

Nimewasikia wengine wakisifu gia za umeme zinazobadilika kwa kitufe, na breki za mafuta, na wepesi. Mashindano ya kimataifa yenyewe yameweka sharti kwamba baiskeli isipungue kilo 6.8, na kuna watu hapa mjini wanaolipa fedha nyingi ili waikaribie namba hiyo, ilhali kilo mbili au tatu za ziada wamezifunga kiunoni mwao kwa hiari yao wenyewe. Breki za mafuta ni njema sana, lakini aina moja hutaka mafuta ya madini na nyingine hutaka mafuta ya breki kama ya gari, na ukizichanganya mipira ya ndani huvimba. Sasa niambie, ikikufika jioni pale Ngarenanyuki utamwuliza nani? Waya wa breki, kwa upande mwingine, hupatikana hata katika duka linalouza sukari na mafuta ya taa. Magurudumu ya kiwandani yenye spoku 24 nayo ni hivyo hivyo: spoku moja ikikatika, ringi hupinda papo hapo ikasugua breki, ambapo Raleigh ya zamani, yenye spoku 40 nyuma, ilikuwa haijali.

Nakubali kwamba hoja ya wanaojiundia si ya fedha peke yake. Ni hoja ya heshima, na katika mji huu ambao Azimio la mwaka 1967 lilibeba jina lake, neno kujitegemea lingali na uzito. Taifa hili liliwahi kutengeneza baiskeli zake, Swala, kutoka kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam, na wazee wangali wanazikumbuka. Lakini sioni vipi kijana aliyeagiza vipuri kutoka nchi nne na kuvifunga kwa kufuata video amejitegemea kuliko yule aliyenunua mtumba na kuufungua wote sebuleni, akaosha kila gololi kwa mafuta ya taa, akaurudisha mpaka ukazunguka bila ya kelele. Kwa David Kinjah, pale Kikuyu nje ya Nairobi, ambako Chris Froome alijifunza kupanda kabla ya kushinda Tour de France mara nne, vijana wa kundi la Safari Simbaz hufundishwa kufungua na kufunga baiskeli pamoja na kuziendesha, na nyingi ya baiskeli hizo zimejengwa kwa vipuri vilivyokwisha kutumika na wengine. Wao wanaunda kwa sababu vipuri vipo mbele yao na fundi yupo kando yao. Pasipo vitu hivyo viwili, kuunda ni ununuzi tu uliogawanywa vipande.

Na hapo ndipo ningependa wakubwa wanisikilize. Vyuo vya ufundi vya VETA hufundisha ufundi wa magari kwa bidii, nayo ni kheri. Ningefurahi kama chuo kimoja tu cha mkoa wetu kingefundisha kwa ukamilifu ufundi wa baiskeli, kupanga spoku, kusoma vipimo, kuchomelea fremu nyembamba, na kikawatoa mafundi wenye vyeti ambao CHABATA, chama cha baiskeli cha taifa, na vilabu vya mbio wangewatumia. Yule mzee wa Usa River hana mwanafunzi. Maarifa ya 622 na 635 yamo kichwani mwake, na hakuna aliyeyaandika ukutani.

Kuna watu wawili ambao nitawaruhusu, bali nitawahimiza, kuiacha nasaha yangu. Wa kwanza ni mwenye fremu tayari, aliyoachiwa au kupewa, ya chuma kizima na ya kimo chake. Huyo amekwisha kuvuka kikwazo kikubwa. Wa pili ni mtu mfupi, na hasa mwanamke mfupi. Baiskeli za mbio za mtumba zinazofika kwetu zilinunuliwa kwanza na wanaume warefu wa kaskazini, na fremu zake aghalabu ni za sentimita 56 na 58. Mwanamke wa kimo cha mita 1.55 huzimaliza zote mjini bila ya kupata moja anayoweza kuitanua miguu juu yake na bado akakanyaga chini. Muuzaji atamwambia ashushe kiti. Asikubali, kwa kuwa kiti hushuka lakini bomba la juu halifupiki, na mgongo wake ndio utakaoilipa tofauti. Huyo aagize fremu ndogo, ya sentimita 47 au 48, kisha anunue mtumba mmoja mkubwa wenye gia na magurudumu mazima, na kumpa fundi vyote viwili avihamishe, akiisha kuhakikisha kwamba nafasi ya nyuma ya fremu mpya ni sawa na ya ule mtumba. Na ile fremu kubwa iliyobaki tupu haitakosa mnunuzi.