Droni kwenye meli ndogo: kuruka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi

Ukisimama Msamvu unaona mabasi na majengo ya jirani. Ukipanda Morningside, mji wote wa Morogoro uko chini yako. Baharini hakuna Uluguru wa kupanda. Baharia ambaye macho yake yako mita 10 juu ya maji, upeo wake unaishia kilomita 11 hivi. Droni, yaani ndege isiyo na rubani, ikiwa mita 1,000 juu, upeo wake hufika kama kilomita 113. Ndiyo maana majeshi ya majini yanazitaka.

Uturuki ilianza kutumia meli yake Anadolu, yenye urefu wa mita 231, mwaka 2023. Nchi zenye mfuko mdogo zifanyeje?

Mfano upo katika Bahari ya Hindi. Aprili 2009 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Maersk Alabama, iliyokuwa ikielekea Mombasa na chakula cha msaada. Manowari ya Marekani, Bainbridge, ilitumia droni aina ya ScanEagle kuiangalia boti ambamo nahodha Richard Phillips alishikiliwa, hadi akaokolewa tarehe 12. Droni hiyo ina uzito wa kilo kama 20 na hukaa angani zaidi ya saa 20. Chimbuko lake ni ndege ya kuwasaidia wavuvi kutafuta jodari.

Haihitaji uwanja. Inarushwa kwa mtambo unaofanya kazi kama manati ya watoto wetu. Ikirudi, ncha ya bawa inanasa kwenye kamba inayoning'inia mlingotini. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu meli ndogo huyumba sana kwenye mawimbi. Tena, meli yenye kasi lazima iwe nyepesi. Kila mtambo na kila pipa la mafuta unaloongeza linapunguza mwendo. Mbunifu hapati vyote.

Kilakala inatuhusu nini? Eneo la bahari la kiuchumi la Tanzania linafika maili 200, takriban kilomita 370, karibu sawa na kwenda Dar es Salaam na kurudi. Samaki walioko humo ni mali yetu sote. Mwanzoni mwa 2018, katika Operesheni Jodari iliyotumia meli ya doria Ocean Warrior ya shirika la Sea Shepherd, meli ya uvuvi Buah Naga 1 ilikamatwa ikiwa na mapezi ya papa. Meli hiyo ya doria ilikuwa ya kuazima.

Sisi tunaona hivi: droni ni macho, haina mikono. Ikimwona mwizi na boti ya doria haina mafuta, tumepata picha tu. Kwa hiyo siku serikali ikitangaza kununua droni za baharini, tusiishie kuuliza bei. Tuulize pia zitarukia meli gani, nani kafundishwa kuzirudisha, na nani atakwenda kukamata.