Mheshimiwa, Pokea Simu

Juni 2024, tulipomtafuta seneta wetu kuhusu Mswada wa Fedha, alitujibu kwa unyenyekevu wa ajabu: hilo si letu, miswada ya fedha ni ya Bunge la Taifa. Na Katiba ndivyo inavyosema. Tukamwacha, tukawageukia wabunge. Nambari zao zikasambazwa, tukawafurikia kwa jumbe usiku na mchana, na tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha vilevile.

Oktoba ikafika, zamu ikawa ya maseneta. Hoja ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua ilipita bungeni kwa kura 282 dhidi ya 44, ikatua Seneti. Hapo hapakuwa na pa kukwepea. Tukapiga simu: waliotaka aende wakapiga, waliotaka abaki wakapiga. Katika hilo hatukuwa kitu kimoja, hata mke na mume walinuniana. Kilichotuunganisha ni lile jibu: mteja hapatikani. Msaidizi akipokea, anataka kujua umeipata wapi nambari hii, kisha mheshimiwa yuko mkutanoni. Mkutano wa wiki nzima! Na ndiye huyo wakati wa kampeni alikuwa akitupigia mwenyewe, anajua mpaka chama chetu cha akina mama kinakutana siku gani.

Wabunge angalau walituletea fomu za maoni katika kaunti zote 47. Zilivyohesabiwa, tuyaache.

Halafu kuna wale maseneta 20 walioteuliwa na vyama. Hao sisi tuwapigie kama nani? Hatukuwachagua, hatuwezi kuwanyima kura 2027, ilhali kumng'oa naibu rais kunahitaji kura 45 kati ya 67, na kura ya mteuliwa ina uzito uleule wa kura ya yule tuliyempangia foleni tangu alfajiri. Simu yao ya kupokea inajulikana inatoka kwa nani. Sisi tunabaki kutazama runinga.

Usiku wa tarehe 17 wakapiga kura. Kati ya mashtaka 11, 5 yalipita, na hata moja lingetosha. Kesho yake wabunge wakamwidhinisha Kithure Kindiki.

Jumamosi seneta wetu akapatikana: mazishini, kipaza sauti mkononi, akitueleza kwamba kabla ya kupiga kura alishauriana na watu wa mashinani. Tukaulizana chini ya hema ni nani kati yetu aliyeshauriwa. Hata chifu alikana.