Paka anakufa wa kwanza

Katika kambi za machimbo, toka Salamabila mpaka pembeni ya Kasongo, nyumba mingi ziko na mbwa ao paka. Mbwa analinda mali usiku, paka analinda muchele na karanga. Hawana karte ya sendika, hawaombi mshahara, lakini kazi wanafanya. Na sisi tunawaua bila kukusudia, na vitu tunavyoficha chini ya kitanda.

Tuanze na dawa ya panya. Sokoni inauzwa mu vifuko vidogo, bila jina, bila karatasi ya maelezo. Mtu anaichanganya na unga, anaiweka kwenye ukuta, anakwenda shimoni. Aina mingi za dawa hizo zinazuia damu kuganda, kwa hiyo panya hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa mulegevu, na paka anamukamata bila shida. Kisha paka naye ananyongea, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani ao kwenye mkojo. Watu wanasema amelogwa. Hapana, amekula panya wetu. Na muko na watoto wanaopenda kuchoma panya kwenye moto. Hapo hatuongei tena juu ya paka.

Kuna pia dawa ya wadudu wa shamba ambayo watu wanatumia kuua panya. Hiyo ni ya haraka: mnyama anatoa mate mengi, anatetemeka, anaanguka. Na mama mwenye huruma anayempa paka mgonjwa paracetamol, ajue kwamba kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mwili wa paka hauwezi kabisa dawa hiyo.

Lakini tunachoogopa zaidi ni merkire. Jioni mchimbaji anarudi, anachomea dhahabu ndani ya jiko, sababu nje wezi wanaona. Tunaelewa sababu hiyo. Ila moshi wa merkire hauna rangi wala harufu, na unashuka juu ya ukuta, juu ya sahani, juu ya udongo. Paka analala pale kwenye joto, kisha analamba manyoya yake. Mtoto anatambaa pale pale na kutia vidole mu kinywa.

Kule Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilikuwa kinamwaga maji yenye merkire baharini. Miaka ya 1950 paka wa wavuvi walianza kuyumba, kuzunguka kama wanacheza ngoma, wengine wakaanguka majini. Watu wakaita ugonjwa wa paka wanaocheza. Mwaka 1956 watoto wakaanza kufikishwa hospitali, hawawezi kutembea wala kusema vizuri. Paka na watoto walikuwa wanakula samaki wamoja. Ndiyo maana mkataba wa dunia juu ya merkire, wa mwaka 2013, unaitwa jina la mji ule. Merkire tunayomwaga kwenye vijito, tope linaweza kuigeuza kuwa sumu ya namna ile ya Minamata. Na vijito vyetu vinakwenda Luama, Luama inakwenda Lualaba.

Tunajua jibu la wengine: watu wanakufa shimoni, ninyi munaongea juu ya paka! Ndiyo, tunaongea. Mwili wake ni mdogo, anaishi chini, analamba kila kitu. Mtoto wa mwaka mmoja ni vile vile.

Petroli, asidi ya betri na sodi ya kutengeneza sabuni, hapana kuweka mu chupa ya Fanta wala kwenye bidon ya maji. Ziwekwe juu, mu sanduku lenye kufuli. Muchele uwekwe mu ndoo yenye kifuniko, panya watafutiwe mtego. Kama mnyama amemwagikiwa na petroli ao unga wa sumu, muogeshe na maji na sabuni mbele hajajilamba, lakini mufunike mikono yenu kwanza. Kama amekula sumu, hapana kumlazimisha kunywa mawese ao maziwa, hapana kumtapisha kwa nguvu: petroli inaingia mapafuni, sodi inachoma koo mara ya pili. Peleka mnyama pamoja na kifuko cha dawa kwa veterineri. Kwa sumu ya damu, dawa iko, ni vitamini K1, lakini ikiwahi. Akifa, azikwe chini sana, mbwa wengine wasimfukue. Nyama yake hailiwi.

Wauzaji tunawaomba waache dawa ya panya mu paketi yake, yenye jina. Na kwa ma-PDG wa mashimo: mujenge mahali pa kuchomea dhahabu mbali na nyumba, penye ulinzi, na chungu cha chuma kinachofungwa, chenye kurudisha merkire ili itumike tena. Hata mfuko wenu utapona. Kwenye mkutano ujao wa sendika tutauliza kila PDG mbele ya wote: merkire yako inachomwa wapi?