Chuo kisisubiri hukumu ya mahakama

Mhadhiri anayedai ngono ili mwanafunzi asipate sapu anavunja sheria ya nchi na masharti ya kazi yake kwa pamoja. Nchini Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinampa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hilo ni la TAKUKURU na mahakama, na ni haki lithibitishwe pasipo shaka, maana mtu atapoteza uhuru wake. Swali la chuo ni jingine: je, huyu anafaa kuendelea kusahihisha mitihani na kusimamia tasnifu? Ujumbe wa kumwita binti nyumba ya wageni "azungumzie alama zake" huenda usitoshe kumfunga mtu, lakini kwa swali hilo unatosha kabisa. Tena hakimu hana uwezo wa kuamuru karatasi isahihishwe na mwalimu mwingine kabla seneti haijapitisha matokeo. Chuo kinao.

Kikwazo kipo kwenye sheria yenyewe. Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamzuia mwajiri kumwadhibu au kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai linalofanana na hilo, mpaka kesi na rufaa zake ziishe. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu atahitimu, au atapigwa disko, kabla ya siku hiyo. Wanaokitetea wanasema mtu asiadhibiwe mara mbili. Lakini kupoteza kazi si kifungo, na mahakama za Kenya zimeshasema mara nyingi kwamba nidhamu ya kazini na kesi ya jinai ni njia mbili tofauti. Anachostahili mtuhumiwa ni kuelezwa tuhuma, kujitetea, kuleta mashahidi na kukata rufaa.

Hofu inayonigusa zaidi ni ya wanafunzi wenyewe, kwamba kamati za ndani huzika malalamiko ili kulinda jina la chuo. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kamati iwe na wajumbe kutoka nje, asikae humo mkuu wa idara ya mtuhumiwa, na mlalamikaji asizuiwe hata siku moja kwenda TAKUKURU au polisi. Bunge likirekebishe kifungu cha 37(5). Wakati tukisubiri, wakuu wa vyuo wabadilishe msimamizi na msahihishaji siku ileile malalamiko yanapopokelewa. Hiyo si adhabu, na kifungu hicho hakiikatazi.