Granada: anza na tiketi ya Alhambra
Wengi wakipanga siku mbili za kutembea Granada, Uhispania, huanza na hoteli. Mimi naona wanaanzia mwisho. Viza ikishatoka, nunua kwanza tiketi ya Alhambra, ndiyo ikupangie siku. Huisha mapema, na kuingia majumba ya kifalme ya Nasrid kuna saa yake. Ukichelewa, huingii, na pesa imeenda. Jina lilingane na la pasipoti, maana wanakagua.

Halafu ukilipa kwa kadi, mashine ikiuliza euro ama shilingi, chagua euro. Shilingi inakaa kama umesaidiwa, kumbe mara nyingi kiwango chake kinakukamua.

Jioni panda Albaicín mpaka uwanja wa San Nicolás, uione Alhambra yote kwa mbali. Hapo hulipi kitu.