Vyuma Pekee Havitoshi

Ukipita mitaa ya Malindi jioni, iwe Maweni au Shela, hukosi kusikia chuma kikigonga chini. Vijana wanapiga tizi. Jim za mtaani nyingi hazina mashine: ni bomba la maji lenye mikebe ya saruji huku na huku, na benchi la mbao. Nami ni mmoja wao, kwa hivyo sisemi kwa wivu.

Wengi wetu hupiga kifua na mikono tu. Mgongo na miguu tumemwachia nani? Baada ya mwaka mtu ana kifua kama mlango, mabega yameinama mbele, na ukimwambia aguse vidole vya miguu bila kukunja magoti, mikono inaishia magotini. Watu husema vyuma vimemkaza. Mimi nakataa. Uzito ukinyanyuliwa kwa mwendo kamili huufungua mwili. Taabu ni kule kunyanyua nusu nusu kwa pupa ili tuonekane tumebeba mingi. Yoga inakufundisha kinyume chake: kwenda polepole, kufika mwisho wa kiungo, na kuvuta pumzi badala ya kuizuia.

Najua mtacheka. Eti yoga ni ya wazungu wa hoteli za Watamu. Yoga imetoka India, bana, na India iko ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi kabla hoteli hazijajengwa. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa 2007, ambayo imewafunza vijana wa mitaa ya mabanda hadi wakawa walimu wa yoga. Na ninyi mashabiki wa Manchester United, Ryan Giggs alicheza mpaka miaka 40, akastaafu 2014, na mwenyewe aliisifu yoga kwa kumdumisha uwanjani.

Wengine wanahofu kuwa ni ibada ya Kihindu. Hofu hii isichekwe, manake hata nyumbani kwetu iliulizwa. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yoga yenye maneno na ibada za Kihindu, likaruhusu ile ya mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia nayo ilikubali mwaka 2017 ifundishwe kama mchezo. Basi asiyetaka yale maneno ayaache, anyooshe mgongo.

Lakini yoga pekee nayo haitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka sisi wa miaka 5 hadi 17 tufanye mazoezi ya kutoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki tuimarishe misuli na mifupa. Kwa hivyo mimi nasema vyuma siku 3, yoga siku 2, na mpira ama mbio zijaze zilizobaki. Tena usijinyooshe kwa muda mrefu kabla ya kunyanyua uzito mkubwa, kwani nguvu hupungua kwa muda. Nyoosha baadaye.

Mjomba wangu anachonga mawe timboni. Nguvu anazo, hakuna anayebisha, lakini akiinama kufunga kamba za viatu lazima ashike ukuta. Wengi wetu tukimaliza kidato cha nne kazi ya kwanza itakuwa ya mgongo: timbo, mjengo, ama kubeba mizigo sokoni. Ndiyo maana sioni haya kulisema jambo hili.

Na dada zetu je? Jim za mtaani zimejaa wavulana, na ni mzazi gani wa hapa atamruhusu bintiye kwenda huko saa moja usiku? Yoga yataka mkeka na mlango wa kufunga. Kwa uzito, mtungi wa lita 5 uliojaa maji ni kilo 5 kamili.

Siku ya michezo, sisi tusio katika timu yoyote hukaa chini ya mwarobaini tukingoja kengele. Mwalimu wa michezo, twakuomba ukumbi kwa dakika 40 tu. Mikeka tutakuja nayo wenyewe, na mikebe ya saruji najua pa kuipata.